Kibarua wa Nyuzi Nne: James Jamerson na Suala la Jina



Watunzi wa tenzi za kale hawakuwa watu wa kujisahau. Utenzi ulipoelekea tamati, baada ya kisa kwisha na dua kuombwa, mtunzi alitia jina lake, pengine na la baba yake na la mji wake, akataja mwaka wa Hijria aliotungia, hata na hesabu ya beti. Wako wanaoiona desturi hiyo kuwa ya majivuno. Mimi niliyesomesha ushairi shule za sekondari hadi kustaafu nimeiona daima kuwa hati ya umiliki. Beti zile za mwisho zilimlinda mtunzi na mnakili msahaulifu, na zilimlinda na mghani mwenye tamaa. Leo namzungumzia fundi ambaye kazi yake ilisikika duniani kote naye hakupewa ubeti wa kutia jina: James Jamerson, mpiga gitaa la besi wa studio mjini Detroit, Marekani.

Mpiga muziki wa studio hutofautiana na mwanabendi. Bendi si yake na wimbo si wake. Huitwa, hupewa karatasi ya mpangilio wa wimbo, hupiga, hulipwa, huenda zake. Kiswahili kina neno linalomkaa barabara, nalo ni kibarua. Kamusi za zamani hulitoa neno hili katika barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku ili kazi yake iandikwe humo. Kikaratasi kikishalipwa hakimfai tena mwenyewe. Ukuta alioujenga utasimama miaka mia, na hakuna atakayeuliza nani aliupiga lipu.

Jamerson alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, Carolina ya Kusini. Hapa naomba radhi kwa kuchepuka kidogo, maana wapenzi wa lugha hawawezi kupita Edisto bila kusimama. Visiwa vile ni nchi ya Wagullah, wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani kulima mpunga na pamba, ambao kwa kutengwa na bara walihifadhi lugha yao ya Krioli. Mwaka 1949 mtaalamu Lorenzo Dow Turner alichapisha utafiti wake ulioonyesha maelfu ya maneno na majina ya Kiafrika katika Kigullah, mengi yakitoka katika lugha za Kibantu za Kongo na Angola. Karanga huko huitwa guba, na mwenye kujua Kikongo atalitambua mara moja neno nguba. Katika mazingira hayo ya nyimbo za kanisani na makofi ndimo alimokulia Jamerson. Inasimuliwa kwamba utotoni alichomeka kijiti katika kichuguu, akakifunga uzi, akawa anaupiga ili awachezeshe sisimizi. Kama ni kweli, basi hiyo ndiyo besi yake ya kwanza, na ndiyo hadhira pekee iliyowahi kumwona mbele.

Mwaka 1954 alimfuata mama yake Detroit, mji wa viwanda vya magari, ambako familia nyingi za Weusi kutoka Kusini zilikuwa zimehamia kutafuta kazi. Akiwa mwanafunzi wa sekondari alijifunza besi ile kubwa ya kusimama, ndugu ya hiyo tunayoiona nyuma ya vikundi vya taarabu vya Unguja, mpigaji akiwa amesimama nayo kama anayecheza na mtu mrefu kuliko yeye. Usiku alipiga jazi katika kumbi za mjini. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu jazi humfunza mpigaji kuutunga muziki papo hapo, kama malenga wa kujibizana anavyotunga huku mpinzani wake hajamaliza kusema.

Mwaka 1959 Berry Gordy alianzisha kampuni yake ya muziki kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa jamaa zake. Ndiyo iliyokuja kuitwa Motown. Alinunua nyumba ya kawaida katika barabara ya West Grand, na ndani yake akatengeneza studio ndogo ambayo wapigaji waliiita Shimo la Nyoka. Humo walikuwamo Earl Van Dyke kwenye kinanda, Benny Benjamin kwenye dramu, Robert White na wenzake kwenye magitaa, na Jamerson kwenye besi. Wao kwa wao walijiita Funk Brothers. Waimbaji walikuja na kuondoka: leo Supremes, kesho Temptations, keshokutwa Four Tops au Stevie Wonder aliyekuwa bado kijana mdogo. Wapigaji walibaki walewale. Besi ya Jamerson imo katika nyimbo zaidi ya 20 zilizofika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zilizopendwa zaidi Marekani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwani bila hivyo sifa zitakuwa maneno matupu. Kabla yake, besi katika nyimbo za namna ile ilikuwa mlinzi wa mlango: noti moja, pigo moja, noti nyingine, pigo jingine. Jamerson aliposhika gitaa la besi la umeme, aina ya Fender Precision, alihamishia humo mazoea ya besi ya kusimama. Alitumia kidole cha shahada cha mkono wa kulia pekee, na wenzake wakakibandika jina la Kulabu. Nyuzi zake zilikuwa nzito, zimeinuliwa juu kiasi cha kumchosha mtu mwingine vidole, naye hakuzibadilisha ila ukikatika uzi. Aliamini kuwa uchafu uliogandamana juu yake ndio uliotunza ladha.

Kwa lugha yetu sisi watu wa mizani naweza kusema hivi. Katika tarbia ya mizani nane kwa nane, mtunzi dhaifu hujaza nafasi. Hesabu hutimia, vina hulingana, na shairi hulala. Mtunzi hodari huwa na nane zilezile, ila hukata neno mahali usipolitarajia, huvuka kituo, husogeza uzito wa sauti, na kina kinapoanguka mahali pake husikika kama jambo jipya. Jamerson aliifanyia besi hivyohivyo. Alianza kabla ya pigo au akachelewa baada yake, akapitia noti za kando zisizokuwa katika karatasi, akagusa uzi usiobanwa kama mtu anayekanyaga jiwe katikati ya kijito, kisha akatua pale hasa wimbo ulipomhitaji. Wala hakumziba mwimbaji. Pengine palipotakiwa noti chache, alipiga chache. Katika “My Girl” ya Temptations, iliyotoka Desemba 1964, yeye ndiye anayefungua wimbo peke yake, kwa mapigo machache tu yanayofanana na moyo, kisha gitaa la Robert White linapanda ngazi juu yake.

Mara nyingi mtayarishaji alimpa mpangilio wa sauti tu, na mwendo wa besi ukawa wa kutunga mwenyewe. Hapo ndipo lilipo suala langu. Ukinipa bahari, vina na maudhui, nami nikatunga beti zote, nani mtunzi? Sheria ya hakimiliki ilimjua aliyetunga maneno na lahani. Mpiga chombo alihesabiwa kuwa ameuza saa zake. Kwa hiyo mrabaha ulikwenda kwa watunzi, kwa wachapishaji na kwa kampuni, na mwendo wa besi ambao mtoto wa mtaani angeweza kuuimba kwa mdomo haukumletea aliyeubuni hata senti baada ya siku ile ya kazi. Haki inanitaka niseme pia kwamba baadaye aliwekwa kwenye malipo ya kila wiki, na kwa miaka kadhaa aliishi vizuri na familia yake. Hakuwa fukara Detroit. Kilichokosekana ni jina. Majalada ya sahani yalimtaja mwimbaji, mtunzi na mtayarishaji, lakini nyuma ya wote hao palikuwa kimya.

Nikilinganisha na muziki wa dansi niliokua nao, naona sisi tulikuwa na dawa ndogo. Mpigaji aliponoga, mwimbaji alimwita kwa jina katikati ya wimbo, na jina hilo likaingia katika sahani milele, kama lile la mtunzi katika beti za tamati. Si malipo, lakini ni jina.

Kwa Jamerson jina lilikuja mwaka 1971, kupitia Marvin Gaye. Inasimuliwa kwamba Gaye alipotaka kurekodi wimbo “What's Going On” alimtafuta Jamerson mpaka akamkuta ukumbini, amelewa kiasi cha kutoweza kukaa kitini, naye akaupiga wimbo ule akiwa amelala chali sakafuni. Huwa siipendi sana simulizi hii, kwa sababu wasimuliaji huufurahia ulevi kuliko muziki. Ulevi ule ndio uliomuua baadaye. Ninaloliona kubwa zaidi ni jalada: albamu hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza za kampuni ile kuwataja wapigaji, na Jamerson alitajwa kwa sifa ya mtu asiye na kifani. Miaka kumi na miwili ya kazi, ndipo sentensi moja.

Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles. Wapigaji wa Detroit hawakuitwa kikao wala kuagwa kwa heshima, na studio ikafungwa. Jamerson alihamia huko mwaka 1973, akapata kazi hapa na pale, lakini mji ule ulitaka sauti nyingine: nyuzi mpya zenye kung'aa, kupiga kwa dole gumba, na noti zilizoandikwa zipigwe kama zilivyo. Walimshauri abadilike, akakataa. Wengine watauita ukaidi. Nami nakiri kwamba mtunzi aliyeombwa aache sauti yake ili apate kula ana maamuzi mawili tu, na yote mawili ni machungu.

Machi 1983 lilirekodiwa tamasha kubwa la televisheni la kuadhimisha miaka 25 ya Motown. Nyota wote walikuwa jukwaani. Jamerson, kama inavyosimuliwa, alijinunulia tiketi, akakaa nyuma kwenye roshani kama mpita njia yeyote. Siku chache kabla ya kifo chake gitaa lake la besi liliibwa. Alifariki tarehe 2 Agosti 1983, akiwa na umri wa miaka 47.

Heshima ilianza kuja baadaye. Mwaka 1989 Allan Slutsky alitoa kitabu kilichoandika miendo yake noti kwa noti, na kutoka kitabu hicho ikazaliwa filamu ya mwaka 2002 kuhusu Funk Brothers. Mwaka 2000 Jamerson aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll, mwaka uleule walipoanza kuwatambua wapigaji wa kando. Kuna kisa katika filamu ile ambacho hakinitoki. Robert White alikuwa mkahawani wakati “My Girl” ilipoanza kusikika. Akataka kumwambia mhudumu kwamba gitaa lile ni lake, kisha akanyamaza, akaagiza chakula. Alihofu ataonekana mzee mwongo.

Hofu ile ilikuwa na msingi. Kwa kuwa majalada hayakuandika majina, kwa miaka mingi pamekuwa na ubishani kuhusu nani hasa alipiga besi katika baadhi ya nyimbo za kampuni hiyo, na wapo wanaodai nyimbo ambazo wengine wanasema ni za Jamerson. Ni mgogoro uleule tunaoujua katika ushairi wetu: shairi lisilo na jina hupata baba watatu, na wote wana mashahidi.

Anayetaka kumsikia aanze na “Bernadette” ya Four Tops, ya mwaka 1967. Atumie vipokea sauti vya masikioni, maana redio ndogo huimeza besi. Amwache mwimbaji apite kama mtu anayesikiliza beti za jirani, ashike sauti ya chini tu. Karibu na mwisho wimbo hukatika, kila kitu kikanyamaza, na msikilizaji hudhani umekwisha. Mwimbaji analiita jina la mwanamke, mara moja, kwa sauti kuu. Kisha besi inarudi.