Kuunganisha Kibodi na Padi ya Mguso: Aina za Viunganishi na Namna ya Kuchagua

Kiunganishi cha kibodi na padi ya mguso ni kifaa kisichotumia umeme, kinachoshika kibodi isiyo na waya na padi yake ili zikae pamoja na kusogea pamoja. Hakina chipu wala programu. Kompyuta huendelea kuviona vifaa viwili tofauti, kila kimoja na muunganisho wake wa Bluetooth na chaji yake. Kinachobadilika ni nafasi tu: padi haihamihami mezani, na mtumiaji anaweza kubeba vyote viwili kwa mkono mmoja.

Kwa kuwa kazi yake ni kushika, kiunganishi hufaa au hakifai kwa sababu za umbo: unene, mteremko, kona, miguu ya chini na matundu ya nyuma. Makala hii inatumia mfano wa vifaa vya Apple, kwa kuwa jozi hiyo ndiyo iliyozaa viunganishi vingi vinavyojulikana.

Chanzo cha jozi

Kibodi nyembamba ya alumini isiyo na waya ilitolewa na Apple mwaka 2007, ikitumia betri tatu za AA. Mwaka 2009 ilifanyiwa marekebisho na idadi ya betri ikashuka hadi mbili. Betri hizo ziliwekwa ndani ya bomba la mviringo lililopita nyuma ya kibodi, na bomba hilo ndilo lililoipa kibodi mteremko wake.

Julai 2010 ilifuata Magic Trackpad, padi ya mezani yenye bomba la aina hiyohiyo, urefu wa nyuma uleule na mteremko uleule. Ukiiweka kando ya kibodi, nyuso zake zililingana, lakini Apple haikuweka kitu chochote cha kuzishikanisha. Pengo hilo likawa soko la watengenezaji wengine. Twelve South ya Marekani ilitoa MagicWand, na Henge Docks ikatoa Clique.

Oktoba 2015 mambo yalibadilika. Apple ilitoa Magic Keyboard na Magic Trackpad 2, vyote vikiwa na betri ya ndani inayochajiwa kwa waya. Bomba la nyuma likaondoka, na viunganishi vilivyotegemea bomba hilo havikuwa na pa kushika. Kwa kizazi hiki kipya Twelve South ilitengeneza MagicBridge, na baadaye toleo refu zaidi kwa kibodi yenye sehemu ya tarakimu. Bei za bidhaa hizi zilitosha kumfanya mnunuzi apime kwanza kabla ya kulipa.

Aina kuu

Aina ya kwanza ni ufito: kipande kirefu chembamba cha plastiki ngumu kinachopita chini ya vifaa vyote viwili na kuyashika mabomba ya betri. MagicWand ni ya aina hii. Ni chepesi na hakionekani sana, lakini kimefungwa kwa kizazi cha mabomba.

Aina ya pili ni kitako. Hiki hubeba sehemu yote ya chini ya kibodi na padi, kikiwa na kingo ndogo zinazozuia zisiteleze. MagicBridge iko hapa. Kitako huhimili zaidi kuliko ufito, hasa jozi inapoinuliwa.

Aina ya tatu ni trei ya mbao au plywood, iliyochongwa mashimo mawili yenye umbo la vifaa. Ni nzito kuliko zilizotangulia, lakini inaweza kuwa na nafasi ya kupumzishia viganja. Fundi seremala akipewa vipimo sahihi anaweza kuitengeneza.

Aina ya nne ni ile inayotolewa kwa printa ya 3D. Mtu hupata faili la mchoro, akalirekebisha na kulichapisha. Inafaa kwa jozi zisizo na kiunganishi cha kiwandani, kwa mfano kibodi ya kampuni moja na padi ya kampuni nyingine. Udhaifu wake uko kwenye maungo: printa nyingi za nyumbani haziwezi kutoa kipande chenye urefu wa zaidi ya sentimita 40 kwa mara moja, hivyo vipande huunganishwa kwa gundi au skrubu.

Vizazi na vipimo

Swali la kwanza la mnunuzi ni kizazi cha vifaa alivyonavyo. Njia rahisi ya kujua ni kutazama nyuma. Bomba la mviringo linaonyesha kizazi cha betri za AA. Ukingo mwembamba wenye tundu la chaji unaonyesha kizazi cha 2015 au baadaye. Kuchanganya vizazi, yaani kibodi ya zamani na padi mpya au kinyume chake, kwa kawaida huondoa uwezekano wa kutumia kiunganishi cha kiwandani.

Kwa kizazi cha 2015, vipimo ni hivi:

- Magic Keyboard fupi: upana sentimita 27.89, kina sentimita 11.49, uzito gramu 231.
- Magic Keyboard yenye sehemu ya tarakimu, iliyotolewa 2017: upana sentimita 41.87, kina sentimita 11.49, uzito gramu 390.
- Magic Trackpad 2: upana sentimita 16, kina sentimita 11.49, uzito gramu 231.

Kina cha vyote vitatu ni kimoja, nao unene wa nyuma ni sentimita 1.09, ndiyo maana vinapangika kwenye mstari mmoja bila ngazi. Kibodi fupi na padi kwa pamoja huchukua karibu sentimita 44 za upana. Kibodi ndefu na padi huchukua karibu sentimita 58. Hii ya pili haiingii kwenye droo nyingi za kibodi zilizo chini ya meza za ofisi, kwa hiyo droo ipimwe kabla ya kuagiza.

Matoleo ya 2021 yana upana na kina kilekile, lakini kona zake zimeviringwa zaidi. Yanakaa ndani ya vitako vingi vya awali, ila mwanya mdogo huonekana kwenye kona. Matoleo ya 2024 yalibadilisha tundu la chaji kuwa USB-C, na hapo cha kukagua ni kama uwazi wa nyuma wa kiunganishi unaruhusu kichwa cha waya huo kupita.

Mbofyo na miguu ya padi

Hili ndilo jambo linalosahauliwa mara nyingi. Padi ya 2010 hubofya kwa miguu yake: miguu miwili ya mpira ya mbele ndiyo vitufe vyenyewe. Kidole kikibonyeza uso wa padi, miguu husukumwa na sehemu iliyo chini yake, na mbofyo hupatikana. Kiunganishi kinachoining'iniza padi hewani, au chenye shimo palipo na mguu, huua mbofyo huo. Trei iliyopinda nayo huleta mbofyo upande mmoja na ukimya upande mwingine.

Padi ya 2015 na zilizofuata hazina kitufe kinachoshuka. Vihisi vya ndani hupima nguvu ya kidole, na mtambo mdogo wa mtetemo humfanya mtu ahisi kana kwamba amebofya. Kwa hiyo hazitegemei miguu kiasi hicho, lakini bado zinahitaji kitako kigumu. Plastiki inayonesanesa hupunguza uthabiti chini ya kidole, na padi inayotikisika huchosha mkono.

Mwenye kutaka kuepuka suala hili kwenye padi ya zamani anaweza kuwasha mpangilio wa kugusa ili kubofya, ambapo mguso mwepesi huchukua nafasi ya kubonyeza. Hata hivyo, kuburuta kitu kwenye skrini kwa njia hiyo huhitaji mazoea.

Swichi, betri na chaji

Kwenye kizazi cha mabomba, kifuniko cha betri kiko ncha moja ya bomba na kitufe cha kuwashia kiko ncha nyingine. Vifaa vikikaa bega kwa bega, ncha moja ya kila kimoja huzibwa na mwenzake. Hivyo kiunganishi kizuri cha kizazi hiki ni kile kinachoachia kwa urahisi, bila skrubu wala gundi, kwa kuwa kubadilisha betri hulazimu kuvitenganisha.

Kwenye kizazi cha betri ya ndani, swichi na tundu la chaji viko ukingo wa nyuma. Hapa kitako kinatakiwa kuwa na uwazi nyuma ya kila tundu. Kibodi na padi hizi hutumika zikiwa kwenye chaji, kwa hiyo mtu mwenye kiunganishi chenye uwazi hahitaji kusimamisha kazi. Akumbuke tu kwamba kuna matundu mawili na betri mbili: kuviunganisha vifaa hakuunganishi chaji.

Kulia, kushoto au mbele

Viunganishi vingi huruhusu padi kukaa kulia au kushoto, na watu wengi huiweka kulia bila kufikiri. Vipimo vinasema zaidi. Kwenye kibodi fupi, katikati ya padi iko karibu sentimita 22 kutoka katikati ya herufi, iwe kulia au kushoto. Kwenye kibodi yenye tarakimu, padi ya kulia husogea hadi karibu sentimita 36, kwa kuwa mishale na tarakimu zimekaa katikati yao. Mkono hulazimika kufunguka nje kila mara, na bega ndilo hulipa. Anayeandika tarakimu nyingi, kama mhasibu, hunufaika kwa kuweka padi kushoto: mkono wa kulia hubaki kwenye tarakimu, wa kushoto huendesha kielekezi, na umbali hurudi kwenye sentimita 22. Mipangilio ya macOS inaruhusu mbofyo wa pili uhamishiwe kona ya chini kushoto, jambo linalorahisisha mazoea hayo.

Nafasi ya tatu ni mbele, chini ya kitufe cha nafasi, kama ilivyo kwenye kompyuta mpakato. Mpangilio huo ulienezwa na PowerBook za Apple za 1991, zilizosukuma kibodi nyuma na kuweka mpira wa kuviringisha mbele. Padi ilichukua nafasi ya mpira kwenye PowerBook 500 mwaka 1994. Faida yake ni kwamba mikono haitoki katikati kabisa. Tatizo ni mteremko. Ukingo wa nyuma wa padi una sentimita 1.09, na ukingo wa mbele wa kibodi una sentimita 0.41 tu. Vikikutanishwa kwenye meza tambarare, hutokea ukuta wa karibu milimita 7 mbele ya kitufe cha nafasi, na dole gumba hujigonga hapo. Trei ya mbele inayofaa ni ile inayoizamisha padi au kuinua kibodi kwa kiasi hicho.

Malighafi na mawimbi

Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, na mawimbi hayo hayapiti kwenye chuma. Kibodi hizi zina alumini juu na plastiki chini. Plastiki hiyo ni njia ya mawimbi. Trei ya bati au alumini inayofunika sehemu yote ya chini inaweza kudhoofisha muunganisho, hasa kompyuta ikiwa mbali. Plastiki ngumu ya polikaboneti na mbao kavu hazileti kikwazo cha maana. Kwa anayependa chuma, fremu yenye uwazi mkubwa chini ni salama kuliko bamba zima.

Mezani na mapajani

Kwa matumizi ya mezani, kitako chepesi chenye miguu ya mpira kinatosha. Hakipaswi kuongeza kimo sana, kwani kibodi iliyoinuliwa hukunja viwiko vya mkono kwenda juu.

Kwa mapajani, mahitaji ni mengine. Matumizi haya yalipata nguvu baada ya Mac mini ya 2010 kuwekewa tundu la HDMI, watu wakaiunganisha na televisheni na kukaa kwenye kochi. Kibodi fupi na padi huwa na gramu 462 kabla ya kitako, na ufito ulioshika nyuma tu huruhusu jozi kujikunja katikati inapolala juu ya miguu miwili. Hapa trei nzima, ngumu na pana ndiyo chaguo.

Pale kiunganishi kisipohitajika

Anayetaka kudhibiti televisheni tu anaweza kununua kibodi yenye padi ndani yake, kama Logitech K400 Plus, ambayo padi yake iko kulia na haihitaji kushikanishwa na chochote. Hupoteza ukubwa wa padi ya Apple na ulaini wa ishara za vidole kwenye macOS. Naye asiyehamisha vifaa vyake, tatizo lake likiwa padi kuteleza tu, anaweza kuisafisha miguu ya mpira kwa kitambaa kibichi au kuweka mkeka mwembamba wa mpira chini. Vumbi kwenye miguu hiyo ni sababu ya kawaida ya kuteleza.

Mpangilio wa uamuzi

Uamuzi huenda vizuri ukifuata utaratibu. Kwanza ni kizazi, kwa kuwa kinafuta chaguo nyingi mara moja. Pili ni mahali pa kutumia, mezani au mapajani, kwa kuwa hapo ndipo ufito na trei vinapotengana. Tatu ni upande wa padi, ukizingatia kama kibodi ina tarakimu. Nne ni kukagua kwamba miguu ya padi imekalia kitu kigumu, na kwamba swichi, betri na matundu vinafikika. Rangi na bei hufuata baada ya hayo manne. Mtu ambaye vifaa vyake vimekaribia kubadilishwa na asubiri: kiunganishi kinadumu kuliko vifaa, lakini hakina kazi umbo likibadilika, kama mabomba ya betri yalivyoonyesha mwaka 2015.