Eneo la 37: Historia ya Mashindano ya Redio ya Ridhaa katika Bonde la Ufa la Kati

Redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa na watu binafsi wenye leseni, kwa kujifunza na kwa mapenzi ya ufundi wenyewe, pasipo malipo wala biashara, na mashindano yake huamuliwa hasa kwa wingi wa vituo ambavyo mshiriki amewasiliana navyo katika muda uliowekwa. Mchezo huu ulizaliwa mbali na Nakuru, mji wa bonde hili nchini Kenya. Chama cha Marekani cha ARRL, kilichoanzishwa mwaka 1914, kiliandaa shindano la kimataifa mwaka 1927, nacho chama cha Uingereza cha RSGB kikafuata mwaka 1931 kwa shindano lililoitwa BERU, ambalo liliwakutanisha kwa alama za Morse waendeshaji wa vituo waliotawanyika katika dola nzima ya Mwingereza. Kituo cha Kenya kilitambulika hewani kwa herufi na tarakimu VQ4, kama vile VQ3 ilivyokuwa ya Tanganyika, VQ5 ya Uganda na VQ1 ya Zanzibar. Kwa hiyo hata jina la kituo lilitangaza ni nani aliyeitawala nchi.

Bonde la Ufa la Kati lilikuwa limezoea mawasiliano ya mbali tangu reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 pamoja na waya wa simu ya maandishi uliokwenda sambamba nayo, lakini waya huo ulikuwa chombo cha serikali na cha reli. Utangazaji wa redio ulipoanza Nairobi mwaka 1928 ulikuwa kwa Kiingereza, ukiwalenga walowezi, wakiwemo wale wa mashamba ya Njoro, Elementaita na Naivasha, na matangazo ya Kiswahili yalisubiri hadi Vita vya Pili vya Dunia. Kupokea sauti tayari kulikuwa anasa, sembuse kurusha. Mtambo wa kurushia ulihitaji fedha, umeme au betri nzito, elimu ya ufundi kwa Kiingereza na leseni ya serikali, na vitu hivyo vyote vilikuwa mikononi mwa wachache ambao sheria za ardhi na shule ziliwapendelea. Hapo ndipo asili ya uhaba wa vituo vya Kenya ilipo: milima na umbali havikuwanyamazisha watu wa Nakuru kama utaratibu ulioamua nani ashike mtambo na nani ashike jembe.

Vita vilipoanza mwaka 1939, urushaji wa ridhaa ulisimamishwa katika himaya ya Uingereza, na baada ya amani kurejea, mwaka 1948, likaanza shindano la CQ World Wide, ambalo hadi leo ndilo kubwa kuliko yote. Kanuni zake zafaa kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ndani yake uhaba hugeuka mtaji. Dunia imegawanywa katika maeneo 40, na Kenya, pamoja na Uganda, Tanzania na Ethiopia, imo katika eneo la 37. Wawili wanaokutana hewani hupeana taarifa ya usikivu, kwa kawaida 59, yaani sauti inaeleweka kabisa na ina nguvu, kisha namba ya eneo. Kwa hiyo mtu wa Nakuru hutamka “59, 37”, husikiliza jibu, huandika saa, bendi na jina la kituo, na kumwita mwingine. Kituo cha bara jingine huleta pointi 3, cha nchi nyingine ya Afrika pointi 1, na cha Kenya hakileti pointi, ingawa nchi na eneo huhesabiwa. Jumla ya pointi huzidishwa kwa idadi ya nchi na maeneo yaliyopatikana katika kila bendi. Mawasiliano 100 na Ulaya, Asia na Amerika, yakiwa yamegusa nchi 30 na maeneo 10, huzaa pointi 300 mara 40, yaani 12,000. Mshiriki wa Ujerumani hupata pointi moja tu kwa kila jirani yake wa Ulaya, na kwa kuwa anaihitaji Kenya kama kizidishi, yeye ndiye humtafuta mtu wa Nakuru.

Maumbile nayo yana sehemu yake. Nakuru iko karibu sana na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na mawimbi mafupi yanayoondoka hapo hupanda hadi ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme zilizozalishwa na mwanga wa jua, yakarudishwa ardhini maelfu ya kilomita mbali. Mchana, bendi za mita 10 na 15 hubeba mawasiliano ya masafa marefu jua linapokuwa na madoa mengi; jioni, mita 20 na 40 hushika zamu. Ardhi inayoteremka mbele ya antena husaidia mawimbi kutoka yakiwa yamelala karibu na upeo wa macho, na ndiyo maana miteremko ya Mau inayotazama mashariki na ile ya Bahati inayotazama magharibi ni mahali bora pa kituo. Bendi za mita 80 na 160, kinyume chake, husumbuliwa na kelele za radi zisizokoma katika nyanda za ikweta, na anayeanza asipoteze usiku wake huko.

Baada ya uhuru wa 1963, VQ4 ilibadilishwa kuwa 5Z4. Usimamizi wa redio ulitoka kwa shirika la pamoja la posta na simu la Afrika Mashariki, ukaenda kwa shirika la Kenya mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kisha kwa tume ya mawasiliano mwaka 1999, na leo uko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mwaka 1970, chini ya mlima Longonot, kilifunguliwa kituo cha setilaiti kilichoyapunguzia mawimbi mafupi mzigo wa simu za ng’ambo. Mawimbi hayo hayo ndiyo yaliyobaki shule ya wapenzi wa ridhaa.

Vizuizi vya zamani vya rangi na ardhi havipo tena kisheria, na gharama ya antena ya kwanza ni ndogo: waya wa shaba wa takriban mita 10, uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo, ukitundikwa kati ya mikaratusi miwili, unatosha kwa bendi ya mita 20. Kilichobaki ni leseni, na watu wa kuiomba. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, vyuo vya ufundi vya Nakuru na shule za upili zenye walimu wa fizikia zinapaswa kuwa na vituo vya vilabu, ili vijana waanze kwa kusikiliza, kisha wafanye mtihani, kisha waingie hewani. Shindano la sauti la CQ World Wide hufanyika wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, na kwa saa za Kenya huanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi.