Njaa ya Redio ya Gari

Vijana wanaofunga spika kubwa katika gari dogo hudhani hayo ni mambo ya leo. La, ndugu msomaji. Mwaka 1930, huko Chicago, kampuni ya Paul Galvin ilianza kuuza redio ya gari iliyoitwa Motorola. Redio za siku zile zilitumia valvu, na valvu ni mlafi: sharti ipashwe moto ndipo ifanye kazi, tena hudai volti nyingi kuliko zile 6 za betri za magari mengi ya wakati huo. Mwanzoni ilibidi kubeba betri za ziada kwa ajili ya redio peke yake!

Aliyeliokoa gari dogo ni transista. Mwaka 1955 Philco na Chrysler walitangaza redio ya gari isiyo na valvu hata moja. Redio ikala kidogo, ikabakiza umeme wa kuwashia injini.

Sasa tazama. Volti 12 zikipelekwa moja kwa moja kwenye spika ya omu 4 hazifikishi hata wati 20. Anayetaka wati 100 hufunga amplifaya ya kupandisha volti kwanza, kama enzi za valvu, nayo hunyonya zaidi ya ampea 8. Njaa ileile imerudi. Kijana jirani yangu huomba gari lake lisukumwe karibu kila asubuhi, nami husukuma kwa magoti haya ya miaka sabini na ushei. Ningekuwa fundi wake, ningeanza na ile milango inayotetema, kisha spika mbili nzuri.