Alama za matamshi zilianza darasani

Hebu soma maneno haya ya Kiingereza: though, tough, through. Yote yana "ough", lakini kila moja linatamkwa kivyake. Kwa sisi tuliozoea Kiswahili, ambapo ukiona "a" unasoma "a" tu, hii ni balaa. Kiingereza kina herufi 26, ila sauti zake ni kama 44!

Mwaka 1886, walimu wachache wa lugha waliunda chama jijini Paris ili kukabili tatizo hilo. Kiongozi wao, Paul Passy, alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Hata jina la jarida lao waliliandika kama linavyotamkwa: Dhi Fonètik Tîtcer. Mwaka 1888 wakatoa alfabeti yenye kanuni rahisi: kila sauti inayotofautisha maneno ipewe alama yake, na alama hiyo itumike kwa lugha zote. Herufi nyingi ni zilezile za Kilatini. Nyingine zilipinduliwa tu: ə, sauti inayoanza neno about, ni "e" iliyogeuzwa kichwa chini.

Lakini alama ipi inamfaa mwanafunzi? Daniel Jones, aliyesoma kwa Passy na kufundisha London, alitoa kamusi ya matamshi mwaka 1917. Humo, ship na sheep zilitumia "i" ileile, tofauti ikiwa ni nukta mbili za kuonyesha urefu: ʃip na ʃiːp. Yaani ungeweza kudhani kazi ni kuvuta sauti tu. Kumbe ulimi nao unahama! Kwenye ship unashuka na kurudi nyuma kidogo. Ndiyo maana A. C. Gimson, katika kitabu chake cha 1962, aliipa sauti hiyo alama yake, ɪ. Kamusi ya Jones ikafuata mwaka 1977.

Hapo ndipo wengi wetu tunakwama, kwani Kiswahili kina irabu tano na "i" moja tu. Ila sauti nyingine tunazo tayari: ŋ ni ng' ya ng'ombe, θ ni th ya thamani, ð ni dh ya dhahabu, ʃ ni sh ya shamba.

Kwa hiyo ukifungua kamusi, usiziruke alama zile. Walimu walizitengeneza kwa ajili ya wanafunzi, na ukiwa peke yako na neno jipya, ndizo mwalimu uliyenaye.