Kutoka Hongo hadi Kadi ya Njano: Ulinzi wa Msafiri kati ya Bujumbura na Pwani

Nilikulia Jabe, nyumbani kwa mama mdogo, ambaye huenda Dar es Salaam kununua vitenge. Safari moja basi alilopanda lilipinduka ng'ambo ya mpaka wa Kobero. Alivunjika mkono na mzigo wake ukapotea. Majirani walimfariji: "Basi lina asiransi, utalipwa vyote." Miezi kadhaa alidai vitenge vyake bila mafanikio. Je, bima ya safari humlinda msafiri na nini hasa?

Katika karne ya 19, misafara kati ya Ujiji na pwani haikuwa na bima. Msafiri alitoa hongo kwa mtemi ili apite salama. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa njia, si rushwa kama leo. Wengine walichanjiana damu na wenyeji wakawa ndugu. Lakini ulinzi huo uliishia mpakani mwa mtemi. Mbele yake msafiri alianza upya.

Magari yalileta tatizo lilelile: bima ya nchi moja haikufika nchi ya pili. Mwaka 1986 nchi za PTA, jumuiya ambayo Burundi ni mwanachama, zilianzisha mpango wa Kadi ya Njano, ulioanza kazi mwaka 1987. PTA ikawa COMESA mwaka 1994. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi, kwa hiyo barabara ya Kobero haikupoteza ulinzi wake.

Mwenye gari huichukua kadi kwa kampuni ya bima ya nchini kwake. Ajali ikitokea nje, ofisi ya nchi ile hushughulikia madai. Kadi hulipia madhara kwa watu wengine, pamoja na matibabu ya dereva na abiria. Hailipii mizigo, hiyo huhitaji bima yake.

Hapo nilielewa kosa letu. Mama mdogo alidai vitenge, ambavyo kadi haivihusu, na hakudai matibabu, ambayo ilikuwa haki yake. Risiti za hospitali alikwisha kuzitupa.

Katika misafara, aliyetoa hongo alijua amenunua nini. Leo kadi huonwa na dereva na askari wa mpakani, naye abiria haulizi. Siku hizi mama mdogo huuliza kabla ya kupanda, na risiti zake huzitunza.