Taaluma Zilizokutana, Lugha Iliyobaki Nje: Historia ya Mjadala wa Kisayansi juu ya Mustakabali wa Bahari Unguja, 1950–2022

Utangulizi

Miongoni mwa changamoto zinazotajwa kuwa kubwa zaidi kwa mustakabali wa mwanadamu, kupanda kwa joto la bahari ni changamoto ambayo wakaazi wa pwani ya mashariki ya Unguja wameshaanza kuishi nayo. Kwa takribani miongo mitatu, wanasayansi wa fani mbalimbali wamekuwa wakikutana kuijadili chini ya Jumuiya ya Sayansi ya Bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi (WIOMSA), yenye makao yake makuu Zanzibar. Makala haya yanafuatilia chimbuko la mikutano hiyo na kuipima kwa mfano wa kilimo cha mwani. Hoja kuu ni kwamba makongamano haya yamefanikiwa kukutanisha taaluma, lakini hayajakutanisha lugha, na kwamba pengo hilo lina gharama kwa wale wanaofikwa na athari kabla ya wengine.

Kutoka utafiti wa samaki hadi taaluma mtambuka

Utafiti wa bahari uliopangwa kitaasisi Zanzibar una mizizi katika miaka ya 1950, pale Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Baharini la Afrika Mashariki (EAMFRO) lilipoweka makao yake kisiwani humo. Swali lililotawala wakati huo lilikuwa la uzalishaji: samaki gani wapo, wapi, na kwa kiasi gani. Mvuvi alikuwa mtumiaji wa matokeo, hakuwa sehemu ya swali lenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mashirika yake ya pamoja yalisambaratika, na mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari katika Mji Mkongwe.

Mabadiliko ya fikra yalikuja polepole. Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 uliziweka nchi za ukanda huu katika mfumo mmoja wa kulinda bahari na pwani. Mwaka 1993 Azimio la Arusha lilihimiza usimamizi wa pwani unaounganisha sekta zote, na mwaka huohuo WIOMSA ikaundwa kuhudumia nchi na maeneo 10, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa vya Bahari ya Hindi. Jarida lake la kisayansi lilianza kutoka mwaka 2002. Kongamano lake kuu limezunguka ukanda mzima, likiwemo la Mombasa mwaka 2011, Dar es Salaam mwaka 2017, Mauritius mwaka 2019 na Gqeberha, Afrika Kusini, mwaka 2022. Katika mikutano hiyo wanabiolojia walianza kuketi pamoja na wanauchumi, wanasheria na wanajamii.

Mwelekeo huo unaonekana wazi katika kitabu cha mwaka 2012 juu ya Ghuba ya Chwaka, kilichochapishwa na WIOMSA na kuhaririwa na Maricela de la Torre-Castro na Thomas J. Lyimo. Humo mikoko, majani ya bahari, samaki, mwani na maisha ya wanakijiji vimechunguzwa ndani ya jalada moja. Ghuba ambayo mtafiti wa miaka ya 1950 angeitazama kama eneo la samaki, hapo imekuwa mahali pa watu na viumbe kwa pamoja.

Mwani kama kipimo

Umuhimu wa kuunganisha taaluma unathibitishwa na historia ya mwani. Baada ya utafiti wa awali wa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mashamba yalipangwa kwa vijiti na kamba kwenye maji mafupi, yakihudumiwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Kazi hiyo iliwapa wanawake fedha walizozimiliki wenyewe, na idadi ya wakulima ikapita 20,000, wengi wao wakiwa wanawake.

Aina mbili zilipandwa: spinosumu na kotonii. Kotonii ina bei kubwa zaidi, lakini haistahimili joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwani huo umekuwa ukigeuka mweupe, ukioza na kukatika, na vijiji vingi vikabaki na spinosumu yenye malipo duni.

Suluhisho la kibiolojia linaeleweka: kuhamishia mashamba kwenye maji ya kina, ambako joto ni pungufu. Hata hivyo, maji ya kina yanahitaji chombo na ujuzi wa kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakufundishwa kuogelea wala hawamiliki vyombo. Jibu la biolojia peke yake lingeweza kuokoa zao na kulitoa mikononi mwa wanawake. Ndiyo maana kazi ya mtafiti Flower Msuya na wenzake ilihusisha pamoja mbinu za kupanda kwa nyavu, vyombo, mafunzo ya kuogelea na usarifu wa mazao kama sabuni.

Swali la lugha

Maarifa hayo yamesafiri kwa njia ya aina yake. Mkulima huulizwa kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiswahili, kisha jibu lake huchapishwa kwa Kiingereza. Hata makongamano ya Mombasa na Dar es Salaam, miji ya Waswahili, yaliendeshwa hasa kwa Kiingereza.

Utetezi wa utaratibu huo una uzito. Ukanda una wazungumzaji wa Kifaransa, Kireno na lugha nyingine, na jarida la kimataifa huhitaji lugha ya kuwafikia wengi. Lakini utetezi huo unahusu mawasiliano baina ya wanasayansi. Hauelezi kwa nini matokeo yasirudi kwa waliotoa taarifa. Wala hoja ya uhaba wa istilahi haina mashiko tena. "Mabadiliko ya tabianchi" na "uchumi wa buluu" ni istilahi zilizokwisha kukaa katika matumizi, na hiyo ya pili imo katika jina la wizara ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kabla yake, wapwani walikuwa na bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi: msamiati unaotofautisha hali za bahari ambazo utafiti wa joto na mawimbi hauna budi kuzizingatia.

Mfano wa njia nyingine upo Unguja kwenyewe. Mpango wa kongano la mwani Zanzibar, ulioanza mwaka 2006, unawakutanisha wakulima, watafiti, serikali na wafanyabiashara. Katika mikutano ya aina hiyo, mkulima anaweza kumhoji mtafiti, na tafsiri mbaya ya maneno yake husahihishwa papo hapo.

Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha safari kutoka hesabu ya samaki hadi uelewa wa bahari kama makaazi ya watu na viumbe. Hatua iliyosalia haihitaji taasisi mpya. Utafiti unaofanywa miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili uambatane na ikisiri ya Kiswahili, na makongamano yanayofanyika katika miji ya Waswahili yatenge vikao vya Kiswahili ambavyo wakulima na wavuvi watashiriki kama wazungumzaji. Bila ya hayo, mwanamke wa Paje ataendelea kutajwa katika mijadala ya mustakabali wa bahari bila ya kuwa na nafasi ya kuuliza kilichosemwa juu yake.