Kutoka Bahasha hadi Simu: Wauguzi wa Kenya na Masomo ya Masafa

Muuguzi wa Kenya aliyetaka kujiendeleza bila kuacha kituo chake cha kazi alikuwa na njia ya kusoma kwa mbali muda mrefu kabla ya intaneti. Njia hiyo ilipitia posta, na historia yake imefungamana na ile ya shirika la AMREF. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi huduma ya madaktari wa ndege kwa Afrika Mashariki, iliyokuja kuwa AMREF. Ndege ndogo ziliwapeleka madaktari kwenye hospitali za mbali, na redio za mawasiliano zikaziunganisha hospitali hizo na Nairobi. Lakini daktari wa ndege hufika, hutibu na kuondoka. Anayebaki na wagonjwa ni muuguzi au tabibu wa zahanati. Kwa hiyo shirika likaingia pia katika kazi ya kumfundisha huyo anayebaki: likachapisha vitabu na miongozo ya wahudumu wa vijijini, na baadaye likaendesha kozi kwa njia ya barua.

Kozi ya barua ilikwenda hatua kwa hatua. Mwanafunzi alipokea kijitabu cha somo, akakisoma baada ya zamu, akajibu maswali ya mwishoni na kuyatia kwenye bahasha. Mkufunzi aliyasahihisha, akaandika maoni yake pembeni na kuyarudisha. Barua ikichelewa, somo nalo lilisimama. Aliyekwama kwenye kipimo cha dawa au dalili za ugonjwa hakuwa na wa kumuuliza mpaka jibu lifike. Hata hivyo, njia hiyo ilithibitisha kwamba mhudumu anaweza kusoma huku wodi yake ikiendelea kuhudumiwa.

Miaka ya mwanzo ya 2000 haja ya masomo hayo ikawa kubwa zaidi. Wauguzi wengi wa Kenya walikuwa wa ngazi ya cheti, waliofundishwa kwa mtaala wa zamani. Serikali ilikuwa imetangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kusambaa, kazi ya muuguzi ilidai elimu ambayo wengi hawakuwa wameipata chuoni. Zaidi ya wauguzi 20,000 walihitaji kupandishwa hadi ngazi ya stashahada. Nafasi za darasani zilikuwa chache mno, na kuwaondoa wote kazini kungefunga zahanati. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliitaja Kenya miongoni mwa nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya.

Jibu lilikuwa limekwisha kuanza mwaka mmoja kabla, 2005. AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya, vyuo vya uuguzi na kampuni ya Accenture walianzisha mpango wa kuwaendeleza wauguzi kwa kompyuta. Lengo lilikuwa kuwafikia takriban 22,000 katika muda wa miaka mitano. Nyaya za intaneti za baharini zilikuwa bado hazijafika pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Kwa sababu hiyo masomo yaliwekwa kwenye santuri za kompyuta na kusomewa katika vituo vilivyotengwa, vingi vikiwa hospitalini au vyuoni.

Ugumu wa kwanza haukuwa uuguzi. Wanafunzi wengi walikuwa watu wazima wenye miaka mingi kazini, waliozoea kuchoma sindano na kuzalisha akina mama, lakini hawakuwahi kugusa kompyuta. Ilibidi waanze na kuwasha mashine, kushika kipanya, kufungua somo na kuhifadhi kazi. Baada ya hapo ndipo walipoingia kwenye masomo yenyewe, wakijipima kwa maswali kadiri walivyosonga mbele. Mafunzo ya vitendo hayakuhamia kwenye kompyuta: yalifanyika wodini chini ya wasimamizi, na mtihani wa mwisho ulibaki mikononi mwa Baraza la Wauguzi, sawa na kwa wanafunzi wa darasani.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS ziliunganisha Kenya na ulimwengu kupitia Mombasa. Intaneti ikaongezeka kasi na bei ikaanza kushuka, na masomo yakatoka kwenye santuri kwenda kwenye tovuti. Simu za mkononi zikafuata. AMREF ikabuni masomo ya ujumbe mfupi na sauti kwa wahudumu wa afya wa jamii, ambao wengi wao walikuwa na simu za kawaida tu.

Machi 2020 vyuo vya nchi nyingi za Afrika Mashariki vilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Vyuo vingi vya afya vikalazimika kufundisha nadharia mtandaoni, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakakutana na matatizo ambayo baadhi yake wauguzi wa 2005 waliyafahamu vizuri: nywila iliyosahaulika, umeme uliokatika, bando lililoisha katikati ya kipindi. Mafunzo ya wodini hayakuwa na mbadala, yakasubiri hospitali zifunguliwe kwa wanafunzi.

Posta, santuri, tovuti na simu kila kimoja kimebeba nadharia kwa wakati wake. Mgawanyo wa kazi haukubadilika: maarifa ya kitabuni yanaweza kusafirishwa, bali ujuzi wa mkono hufunzwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Kozi ya afya ya mtandaoni inayoanza bila kumfundisha mwanafunzi matumizi ya vifaa, na bila kumpangia wodi na msimamizi, inaacha nje mambo mawili yaliyoufanya mpango wa 2005 uwezekane.